Dada Anamjibu Mzee

Nilikaa chini ya dirisha, mahali ambapo kamera haikunifikia, nikabana meno yasigongane. Jua la Korogwe lilikuwa linaunguza mabati. Katika chumba hicho cha nyuma ya steshenari, dada yangu aliketi mbele ya kompyuta ya kuazima, vidole vyake vimeshikana kama vinavyozuiana kutoroka.

Tulitoka Kwamsisi alfajiri kwa bodaboda, tukapanda basi Mkata, kwa kuwa nyumbani mtandao huja na kuondoka upendavyo. Mwenye steshenari alipotuona tumevaa nguo za sikukuu alicheka.

"Mchumba yuko Ulaya nini?"

"Ni wazee wa sayansi," dada alijibu.

"Basi pole. Mahari ya hao ni maswali."

Dada hakucheka. Mimi ndiyo kabisa.

Chama kimoja cha wanasayansi kilikuwa kinatafuta vijana wa wilaya zenye watafiti wachache, hasa wasichana, kiwape mwaka mzima wa kufanya kazi maabara na mtu wa kuwashika mkono. Dada alikuwa amemaliza shahada akarudi nyumbani, akawa anachunguza mihogo ya mama iliyooza ardhini huku majani yakipendeza. Akikosa nafasi hii, angebaki yule msichana aliyesoma ili aje kukata mihogo na kuitazama. Kijijini walishaanza kumwita hivyo.

Chama kilimpa mlezi hata kabla ya usaili: profesa mmoja, mama aliyekulia Mnyuzi, hukuhuku Korogwe, ambaye alimpigia simu mara kwa mara kumzoesha kuulizwa. Siku hiyo ya usaili naye alikuwemo kwenye kioo cha kompyuta, pembeni, kimya.

Mwanzoni dada aliongea vizuri. Alionyesha picha, akaeleza ugonjwa wa michirizi kahawia, ambao hula muhogo kwa ndani wakati shina limesimama zima. Nikaanza kupumua. Kisha mwenyekiti, mzee mwenye mvi na sauti ya upole, akavua miwani.

"Binti, hayo ni maji tu. Shamba lenu lina maji yaliyotuama, mihogo ikaoza. Sivyo?"

"Ndiyo, mzee," dada akasema.

Kazi yake yote alikuwa ameimwaga kwa maneno mawili, macho yakiwa chini.

Lakini angesema nini? Kwetu mkubwa akisema, unaitikia. Mama akitaka kumpinga babu hunigeukia mimi na kunieleza kosa hilo kama ni langu, babu akisikiliza, na hakuna anayevunjiwa heshima. Nimekemewa sana kwa makosa ya babu.

Kwenye kioo watu walikuwa wanaandika. Niliwaza njia ya kurudi, dada kimya nyuma ya bodaboda, na nikaogopa kimya hicho kuliko kitu chochote.

Ndipo mlezi akafungua mdomo. "Mwenyekiti, naomba swali moja. Binti yangu, angekuwa mdogo wako ndiye aliyesema ni maji, ungemjibuje?"

Dada akageuka. Aliniangalia mimi, pale chini, na uso wake ukabadilika.

"Hapana," akaniambia. "Umekosea. Shamba liko kwenye mwinuko, maji hayakai. Muhogo uliooza kwa maji hulainika na kunuka. Huu ni mkavu, una madoa ya kahawia kama kutu. Na mihogo iliyotokana na vijiti vya mbegu tulivyompa jirani ilioza vivyo hivyo, kwenye udongo mwingine. Maji yalimfuata huko?"

"Hapana," nikasema. Nikainamisha kichwa, kana kwamba maji yale niliyaleta mimi.

"Binti, unaongea na nani?" mwenyekiti aliuliza.

"Na mdogo wangu, mzee."

"Asogee."

Nilisogea, nikamwamkia.

"Marahaba. Umemwelewa dada yako?"

"Nimemwelewa, mzee."

"Bado una hoja ya maji?"

"Sina."

Mtu mmoja alicheka kwenye kioo, na mtandao ukakatika.

Tulingoja majibu stendi, mbele ya sahani ya chipsi ambayo hakuna aliyeigusa. Dada alirudia kusema amemtukana mzee wa watu mbele za watu. Nami niliogopa vilevile. Simu ilipoita alinisukumia mimi. Nikaweka sauti ya nje.

"Nafasi umepata," mlezi akasema. "Kuna mwenzangu wa maabara atakupokea. Mimi nitaendelea kukupigia."

Dada alifunika uso kwa viganja. Basi la Mkata lilianza kuita abiria, naye hakulisikia.

"Mama," akamwambia mlezi hatimaye, kwa sauti ndogo sana, "na yule mzee, ameudhika?"

"Anataka vijiti vya mbegu vya shamba lenu. Anasema atajionea mwenyewe."

"Lakini ameudhika?"

"Kidogo," mlezi akasema. "Atapona."