Redio ya Baba

Cheka ukitaka, lakini usiniite mwongo. Haya yalinipata mimi mwenyewe, saa tisa mchana, nikiwa na akili zangu timamu na bisibisi mkononi. Pombe sijawahi kuionja, waulize watu wa Keroka.

Mimi ni mtu wa Voi. Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikwenda Keroka kufanya kazi ya umeme wa magari, na wakati huo nilikuwa na miezi miwili tu pale. Kikisii changu kilikuwa cha salamu, na hata hizo nilizikoroga. Asubuhi natoa salamu ya jioni, akina mama wa sokoni wanashika mbavu kwa kucheka. Likumbuke hilo la lugha, maana ndilo lililoniponza.

Basi siku moja mzee Ombati, mchuuzi wa ndizi, alileta pikapu yake gereji. Kwenye banda letu la nyuma kulikuwa na gari dogo lililobingirika kwenye kona upande wa Keumbu. Mwenye gari, kijana aliyeitwa Ogeto, alikuwa mtoto wa ndugu yake Ombati, na walikuwa wamemzika mwezi uliopita. Mimi Ogeto sikuwahi kumwona. Mzee akaniambia, "Fundi, toa redio humo, unifungie kwenye pikapu. Narudi jioni." Ningekataa mimi kama nani?

Nikajipenyeza kwenye lile gari. Skrubu nne zikatoka, redio haitoki. Navuta, haitoki. Na mvua ya mawe nayo ikaanza, ile ya Kisii, inayopiga mabati mpaka hujisikii ukitukana. Nilitukana, nakubali.

Nilipogeuka, kijana mmoja alikuwa ameketi kiti cha abiria. Mlango wa upande ule ulikuwa umebonyea, haukuwa umefunguka tangu gari lilipovutwa pale. Lakini wewe unamjua mtu akishapandwa na hasira za skrubu? Sikufikiria mlango. Hata shati lake jeupe, kavu kabisa katika mvua ile, sikulifikiria.

"Pole na kazi, fundi," akasema taratibu. "Kuna ya tano, nyuma ya kisahani cha majivu. Wosha yake, kile kipete cha chini, ilipotea, nikatia kifungo cha nguo ya baba."

Nikapapasa. Kweli, skrubu hiyo, na chini yake kifungo cha buluu. Redio ikaniangukia mapajani.

"Hiyo redio ni ya baba," akasema. "Msimnyang'anye."

"Nani amnyang'anye? Si ndiye namfungia kwenye pikapu yake?" Nilimdhania mtoto wa Ombati, unaona.

"Baba hana pikapu!" Sauti ilianza kumtetemeka. "Baba hana hata mtu wa kumpeleka kanisani. Jumamosi tukirudi kutoka ibada ya Sabato, nilikuwa namwachia redio, anakaa garini kusikiliza kwaya mpaka chakula kinapoa. Sasa yuko nyumbani Ekerenyo peke yake. Fundi, nakuomba."

Moyo uliniuma, niamini. Nikainama kukata waya wa mwisho, huku natafuta neno la kumfariji. Nilipoinua kichwa, kiti kilikuwa kitupu. Mlango umebonyea vilevile. Nikachungulia nje: matope matupu, unyayo hata mmoja hakuna. Hapo ndipo nywele ziliponisimama.

Redio niliifunga kwenye pikapu. Ikawa kimya. Fyuzi nzima, umeme unafika, antena sawasawa, na bado kimya. Mzee Ombati aliporudi nikamwuliza habari za mwanawe wa shati jeupe.

"Mimi nina mabinti watupu," akasema.

Nikamweleza yote. Alinisikiliza akitabasamu, mpaka nilipofika kwenye lile neno la baba. Akauliza, "Alisema redio ni ya baba, au ya tata?"

"Ya baba."

Tabasamu likamwisha. Akaniambia, "Panda," tukashika njia ya Ekerenyo.

Tulifika jua likizama. Mama mmoja mwembamba akatoka jikoni, amevaa gauni la buluu lililopauka. Ombati hakuweza kumtazama usoni. "Mweleze," akaniambia.

"Mama," nikasema, "namtafuta baba yake Ogeto."

"Baba yake alifariki Ogeto akiwa bado mgongoni. Una shida gani, mwanangu?"

Nikamwonyesha kile kifungo. Alikitazama sana. Kisha akaondoa mkono kifuani, nikaona pini mahali palipokosa kifungo.

"Hili lilikuwa gauni langu la kanisani," akasema. "Sasa nalivaa shambani. Kanisani ni mbali, nitaenda na nani?" Nikamwambia basi maneno ya yule kijana, neno kwa neno. Akaketi chini kwenye majani mabichi, akalia, na katikati ya kilio akanicheka. "Ewe fundi, kwetu baba ni mama, na baba tunamwita tata. Huyo baba ni mimi."

Ombati akamfungulia mlango wa pikapu, akamshika mkono. Mama alipokaa tu, redio ikakohoa, ikaanza kuimba. Mimi ndiye fundi, nakwambia swichi ilikuwa imezimwa.

Tangu siku hiyo Ombati hakukosa Jumamosi hata moja kumpeleka shemeji yake kanisani, kwa sababu redio ile haikuimba mpaka mama apande. Akishuka, inanyamaza. Mwanzoni mzee alifuata redio, hakunificha. Lakini pikapu ilipochakaa na akaiuza bila ile redio, nilimkuta barabarani amemshika shemeji yake mkono, wanakwenda kwa miguu, wanaimba wenyewe. Na kile kifungo mama hakukubali kukishona. Alinituma nikirudishe chini ya skrubu, pale alipokiweka mwanawe.

Sasa nakuonya wewe unayenunua vitu vya magari yaliyofiwa: kuuliza si ujinga. Uliza kitu ni cha nani, wala usitosheke na jibu la mwenye sauti kubwa. Mimi mpaka leo sishiki bisibisi kabla sijagonga mlango wa upande wa abiria nikapiga hodi. Na ukijibiwa, tafadhali, hakikisha umeelewa baba ni nani.