Bilauri ya Fundi Seremala

“Shoga, mumeo chakula anakigusa tu, hiyo sukari inampandia kutoka wapi?” jirani alimuuliza mke wa fundi seremala siku moja. Tangu hapo mke akawa anamtazama mumewe mezani. Mkono wa kushoto, ule wenye ukucha uliopondwa na nyundo, huifunika sahani mapema: “Basi, basi, nimeshiba.” Wa kulia umekwisha fika kwenye jagi la juisi. Bilauri yake ni ile kubwa ya maua mekundu, hakuna mwingine anayeigusa. Huimaliza ya kwanza kabla ya tonge, ya mwisho akiisukuma sahani, kisha huguna kama aliyemaliza kuranda ubao. Chai anakunywa bila sukari tangu nesi amwonye, na hujisifu kwa hilo. Akiambiwa kuhusu juisi, hutania: “Mama, kisichotafunwa kitanidhuru vipi?”

Jana aliingia kula huku akiacha alama nyekundu sakafuni. Mke akainama: msumari umezama kisiginoni, na mwenyewe hana habari! Nesi alishawaambia kuwa sukari ikizidi, miguu hufa ganzi. Mke akauchomoa msumari huku akimwomba Mungu kimoyomoyo. Fundi alitazama tu, kama mguu ni wa mteja. Safari hii hakutania. Kidonda kilipooshwa na kufungwa, mke akanyanyua jagi kwa mazoea. Ule mkono wa kushoto ukaiacha sahani, ukaifunika bilauri.

“Nitilie maji, mke wangu,” alisema, “ila katika bilauri hii hii.”