Viatu Vilivyoshonwa Kosele

Mpaka leo nikiona tangazo la ile kampuni ya viatu vya kukimbilia, damu inanichemka. Nilifanya kazi katika duka lao mjini Homa Bay mwaka mmoja na zaidi, na historia yao niliikariri kuliko nilivyowahi kukariri Zaburi. Ukutani walikuwa wamebandika picha kubwa: mwanzilishi akiwa kijana, kibanda kilichokuwa nyuma ya nyumba yao, na baba yake, fundi viatu, ameinamia sindano. Mteja akiingia ilinibidi nianzie hapo. Kijana alikuwa mkimbiaji, kiatu chake kikapasuka katikati ya mashindano, baba akakaa chini akamshonea kingine bora, na kampuni ikazaliwa. Wateja wetu, wengi wao walimu na askari waliotaka kupunguza matumbo, walisikiliza kwa adabu kisha wakauliza bei.

Baada ya historia nilihamia kwenye rafu. Juu kulikuwa na viatu vya lami, vya mtu wa mazoezi ya kila siku. Chini yake vilikuwa vya barabara za vumbi na matope, soli zina meno. Vya misumari, vya kukimbilia uwanjani, vilikaa kando. Katikati, chini ya taa yake peke yake, kilikaa kiatu cha mashindano, chepesi hadi mteja akikishika anacheka. Ndani ya soli yake mna mfuko wa hewa unaomsukuma mkimbiaji mbele. Nilieleza habari za huo mfuko mpaka nikawa naota ninaueleza.

"Sasa madam, hii raba mtanishonea hapa ama nipeleke kwa fundi?"

Hilo swali niliulizwa karibu kila siku, kwa sababu huku kwetu kiatu kipya hakivaliwi kabla soli yake haijazungushiwa uzi. Gundi hatuiamini. Nami nilijibu kwa ile sauti ya dukani kwamba hiki hakishonwi, ukikitoboa hewa inatoka na kiatu kimekwisha. Meneja, aliyeletwa kutoka Nairobi, alikuwa akisikia haya yote na kutabasamu.

Mdogo wangu alikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni karibu na Ntimaru, na mbio alizaliwa nazo. Karo ilikuwa imetushinda kabisa. Kisha kampuni ikatangaza mbio za wasichana wa shule mjini Migori: watatu wa kwanza wangechukuliwa kambini na kusomeshwa hadi wamalize. Wiki moja kabla, kila mshiriki alipewa jozi ya viatu vya mashindano avizoee, na siku ya mbio vingekaguliwa. Ilikuwa likizo, na mdogo wangu akaja navyo nyumbani, Kosele, ambako baba yetu ni fundi viatu sokoni.

Nilifika Ijumaa jioni. Baba alikuwa amefunga kazi kwa ajili ya Sabato, amenawa mikono, na viatu amevipanga mlangoni. Alikuwa amevishona pande zote kwa uzi mweusi, mishono midogo iliyolingana, kazi ambayo hangemfanyia mteja yeyote. Nilibonyeza soli kwa kidole. Ilibonyea, ikabaki imebonyea.

Nilimfokea, mzee wa watu. Hata mdogo wangu nilimfokea, yeye aliyekaa kando akimtazama akishona. Baba alisema tu kwamba sikuwahi kumwambia. Hakuwa amekosea, na hilo lilinikasirisha zaidi. Mwaka mzima nilikuwa nawaeleza watu nisiowajua habari za ule mfuko wa hewa, na nyumbani sikufungua mdomo, kwa sababu nilijiona nimepanda juu, nami siwezi kukaa na mzee wa viraka tukaongea viatu.

Jumapili mdogo wangu alikimbia navyo hivyo hivyo, vikipiga lami kama sahani. Akaja wa tatu. Wa tatu, na soli zimekufa! Nilishangilia mpaka sauti ikakauka.

Kisha ukaja ukaguzi. Meneja aliinua kiatu kimoja juu ili watu wote wakione.

"Ni nani alifanya huu ushamba?"

Wageni aliowaalika kutazama mbio wakacheka. Akatangaza kwamba aliyeharibu mali ya kampuni hawezi kubeba jina la kampuni, kwa hiyo msichana wa nne atachukua nafasi. Alikuwa mtu yule yule aliyenilazimisha kila asubuhi kumsifu fundi wa kwenye picha.

Baba alijitokeza, kofia mkononi. "Ni mimi, bwana. Mtoto hana makosa. Huku kwetu kiatu mpya tunashona kwanza."

Meneja akanigeukia. "Ati ni kawaida? Wewe ni wa huku. Unamjua huyu mzee?"

Sentensi moja ingetosha. Ningemkumbusha wateja wa kila siku, aliowasikia kwa masikio yake. Ningesema ndiyo, ni desturi yetu, na huyu ni baba yangu. Mdogo wangu alikuwa amesimama pekupeku juu ya lami, ananitazama. Mimi nilikuwa nimevaa fulana ya kampuni, kitambulisho cha kazi shingoni, na wale wageni bado walikuwa wanacheka.

"Ni fundi tu wa Kosele," nikasema.

Shule zilipofunguliwa mdogo wangu hakurudi Ntimaru. Yule meneja ninamchukia, na kampuni yake ninaichukia, lakini nikilala chini nikapiga hesabu ya hasira zangu, kubwa kuliko zote si yao. Nyumbani kwetu, baba na mimi tangu nizaliwe tumeongea Dholuo peke yake. Kiswahili ni cha wateja na wageni. Siku ile ya mbio alinitazama kidogo, akavaa kofia yake, akanijibu kwa Kiswahili.

"Ndiyo, madam. Mimi ni fundi tu."