Mchungaji alimwita shangazi yangu mchawi kwenye spika, akaja kuomba radhi jikoni

Wakuu, heshima kwenu.

Nimesoma mnavyobishana kama kiongozi wa dini akikosea mbele za watu aombe radhi mbele za watu, au amalizane kimya kimya na aliyemkosea. Mimi niliishia kidato cha nne, maandiko nawaachia wenyewe. Naeleza tu yaliyotokea nyumbani kwetu, bila chumvi.

Ni miaka ya tisini, Mwanza. Viwanda vya sangara vimefunguliwa, minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tunabaki na mapanki, yaani kichwa na mifupa.

Nilikuwa nimemaliza shule, naishi Buzuruga kwa shangazi yangu, mjane. Tulikaanga mapanki na kuuza. Tulikuwa tunakula, tunavaa.

Aliyekaa kwenye moshi ule anaujua. Macho yanakuwa mekundu na hayarudi tena.

Na kwa wasioijua Usukumani ya wakati ule: mwanamke mtu mzima mwenye macho mekundu aliweza kuuawa kwa sababu ya hayo macho tu. Wapo waliokatwa mapanga hivyo.

Basi ukaja mkutano wa injili uwanjani, na jenereta na maspika. Mhubiri alikuwa mchungaji wa mtaani kwetu. Akaita wagonjwa waje mbele. Shangazi akanishikisha kapu lake, akaenda. Alitaka aombewe macho.

Mchungaji akamwinua kidevu, akamtazama, akasema kwenye kipaza sauti, "Huyu haumwi. Hawa ndio wanaomaliza watoto wa mtaa huu."

Shangazi alirudi, akachukua kapu, tukaondoka. Watu walitupisha njia pana kuliko tuliyohitaji.

Kesho yake tuliwasha moto kama kawaida. Hakuna aliyenunua. Baadaye yakaanza mawe juu ya bati, nikawa nalala na panga karibu na mlango.

Kilichomgeuza mchungaji ni akinamama wa kanisani kwake, nao wakaangaji. Walimfuata wakamwambia, "Mchungaji, tutazame na sisi macho. Tutaje na sisi."

Ndipo akaja. Alipita mlango wa uani, na kilo ya sukari na sabuni ya mche. Akapiga magoti jikoni, analia kweli. Sikuona unafiki.

"Mama, nilikosea. Nisamehe."

"Nyanyuka, baba mchungaji, utachafua suruali. Nimekusamehe." Shangazi akamsogezea kigoda. "Sasa Jumapili utawaambia?"

Akasema, "Mama, hili ni la mimi, wewe na Mungu."

"Siku ile uwanjani tulikuwa watatu?"

"Nikisema, kondoo watatawanyika. Wachanga kiimani watarudi nyuma."

"Mimi wananitupia mawe, mchungaji. Wewe unaogopa watakuhama."

Aliinamisha kichwa. Akaomba sala ndefu, akaondoka na njia ile ile ya uani. Jumapili hakusema. Wala iliyofuata. Shangazi alikuwa anawauliza wale akinamama kila wakitoka ibadani, hadi akaacha kuuliza.

Sukari tuliinywa, siwafichi.

Mawe hayakukoma. Tukafunga mizigo, nikampeleka kisiwani, Nansio, kwa kaka yake. Alifia huko, kwa maradhi ya kawaida, kitandani kwake. Namshukuru Mungu kwa hilo. Mimi toka hapo sijakaa mji mmoja muda mrefu, lakini Mwanza ndiyo naiota.

Miaka mingi baadaye nilikuwa Usagara nasubiri gari. Mama mmoja muuza machungwa akanitambua, tulikuwa majirani Buzuruga. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa furaha, akanimenyea chungwa, akakataa hela yangu.

Halafu akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, yule shangazi yako aliokoka mwisho, au alikufa na uchawi wake?"

Nilimweleza ukweli wote pale pale. Alinisikiliza, akasema, "Lakini mchungaji alisema."

Nilichojifunza ni hiki. Jikoni kwetu mchungaji alisamehewa, na ule msamaha ulikuwa wa kweli. Ila ulimfaa yeye. Shangazi hakuhitaji machozi yake, alihitaji kipaza sauti kile kile, dakika moja tu.

Humu najua wamo wachungaji, mapadri na mashehe. Ningependa nyinyi mtangulie kuandika hapa chini: angesimama Jumapili ile akasema, angepoteza nini hasa?