Sahani Isiyodai Barua ya Chifu

Nakumbuka Jumanne moja ya Ramadhani, mwanangu, jua likishuka nyuma ya maduka ya Barabara ya River, nami nimesimama mlangoni mwa madrasa nikipangusa viatu vyangu kwa kiganja. Viatu nilivyokuwa karibu kuvivua. Huyo ndiye mimi, na sijabadilika sana.

Niwie radhi kwa neno hilo mwanangu. Nimetimiza thelathini na tano juzi tu, na katika nchi yetu umri huo ukifika, sheria inakutoa kwenye hesabu ya vijana bila hata kukuaga. Siku ileile mkaanza kuniita Guka, yaani babu kwa Kikuyu, katika kikundi chenu cha vijana, mimi ambaye mtoto sina na kwetu ni Kakamega. Nimelikubali. Guka huruhusiwa kusimulia kwanza ndipo ashauri, na leo naitumia ruhusa hiyo kwa sababu nimesoma rasimu yenu ya chakula cha mchana katika vyuo vya ufundi. Ni nzuri kuliko chochote nilichowahi kuandika. Ila ukurasa wa tatu umeninyima raha, na nitaufikia.

Miaka ile tulikuwa vijana wachache wa Uthiru tukitaka jambo moja: watoto wa shule za umma wapate chakula cha mchana, na liwe jambo la sera, si la hisani ya mtu anayekuja na mpiga picha wake. Kaunti ilikuwa imetangaza siku ya kusikiliza maoni ya wananchi, Alhamisi ya wiki hiyo. Mimi ndiye niliyekuwa mwandishi. Sikusoma chuo. Nilikuwa na kibanda cha kuchapa na kutoa nakala kando ya Waiyaki Way, na kwa miaka niliwachapia watu viapo, mikataba ya nyumba na maombi ya kazi, hadi lugha ya sheria ikaniingia. Sikuwa na cheti cha kunitetea, kwa hiyo niliamini kwamba nikikosea koma moja tu watu watajua. Rafiki yangu Brayo, karani katika duka la vitambaa mjini, alisema kwamba hata Baba Yetu nikipewa nitairudisha na marekebisho.

Brayo ndiye aliyetupatia mheshimiwa mmoja wa kamati ya kaunti, tukaenda kumwona mtaani Hurlingham. Alitusikiliza vizuri. Mwisho akasema, "Nileteeni kitu chenye mchujo. Sitaki kesho niulizwe kwa nini mtoto wa mwenye gorofa anakula kodi ya wananchi. Mkiweka mchujo, mimi niko nanyi."

Mwanangu, nilifurahi. Mchujo ni neno lililonikaa vizuri. Niliketi nikaandika kipengele cha saba, na hadi leo sijaona sentensi iliyonyooka kama ile: mzazi au mlezi atawasilisha barua ya chifu kuthibitisha kwamba kaya yake haina uwezo, ndipo mtoto aandikishwe jikoni. Hakuna asiyestahili angepenya. Niliisoma kwa sauti peke yangu kibandani.

Ilibaki tupate mtu mzima wa kusimama nasi, kwa maana kamati ilizoea kuwapokea vijana, kuwapigia makofi na kuwasahau. Madrasa ya Maalim Salim ilikuwa juu ya duka alikofanya kazi Brayo. Maalim alikuja Nairobi kutoka Lamu akiwa kijana, akafundisha watoto wa mjini hadi wengine wakawa na ndevu za mvi, na neno lake lilisikika misikitini na hata kwa wachungaji wa makanisa ya jirani. Alikubali kuisoma karatasi yetu. Njooni wakati wa futari, alisema.

Basi pale mlangoni tukamwamkia. "Shikamoo, Maalim."

"Marahaba. Ingieni, adhana imekaribia."

Brayo akaingia. Mimi nikabaki kizingitini, kwa sababu sikutaka kuanza na udanganyifu. Nikamwambia, "Maalim, samahani. Sisi hatujafunga. Mimi ni Mkristo, na mchana nimekula ndizi."

Alinitazama kama mtu anayengoja sehemu ya pili ya habari. Kisha akasema, "Nani amekuuliza?"

Brayo akanong'ona, "Hata ndizi umetaja? Si ungemwonyesha na ganda."

Walifungua kwa tende, wakaswali, wakarudi jamvini tukala pamoja: uji wa pilipili manga, mbaazi za nazi, kaimati. Kando yangu alikaa mlinzi wa benki akiwa na sare yake, upande wa pili wasukuma mikokoteni, na mbele yangu mhubiri wa mitaani ambaye nilikuwa nimemsikia saa chache kabla akihubiri mbele ya stendi. Biblia yake aliiweka juu ya goti ili isiguswe na mchuzi. Alipomaliza bakuli la kwanza, kijana mmoja wa madrasa alimwongeza bila kusema neno.

Vyombo vilipotolewa, Maalim akaniambia nisome. Nilisoma taratibu. Nilipofika cha saba akainua kidole.

"Rudia hapo."

Nilidhani amependa sentensi. Nikairudia kwa sauti nzuri zaidi.

Akauliza, "Shule ya msingi umesomea wapi?"

"Uthiru, Maalim."

"Mchana ulikuwa ukila nini?"

Lilikuwa swali dogo, na jibu lake nilikuwa sijawahi kumpa mtu. Mama alifua nguo katika nyumba za Westlands, na siku za kazi zilikuwa chache kuliko siku za wiki. Mchana kengele ikilia nilikwenda nyuma ya vyoo vya shule, nikajipaka mafuta ya mgando midomoni ili ing'ae kama ya mtu aliyekula chapati. Nikatia kijiti cha meno mdomoni. Nikarudi uwanjani nikicheza kwa kelele kuliko wote, kwa sababu nilikuwa nimegundua kwamba mtoto mwenye kelele haulizwi kama amekula. Nilimweleza Maalim hayo nikitazama karatasi.

Brayo, ambaye tulikaa dawati moja miaka yote ile, alinigeukia. "Si ulikuwa ukisema mmekula kuku?"

"Nilikuwa nikisema."

"Nikakuonea wivu, wewe."

Maalim hakutabasamu. "Mama yako angekwenda kwa chifu kuomba barua?"

"Asingekwenda. Na angekwenda, mimi nisingeifikisha shuleni."

"Basi umeandika sheria ya kulisha watoto wote wenye njaa isipokuwa wewe."

Akaendelea kwa upole, na upole wake ndio uliouma. "Pale mlangoni ulitaka kunithibitishia, nami sikukuuliza. Mwanangu, wapo wanaokuja kwenye jamvi hili wana pesa mfukoni. Nawajua kwa majina. Siwafukuzi, kwa sababu siku nitakayoanza kukagua walio nacho, wasio nacho ndio watakaoacha kuja. Chakula chenu nakiunga mkono. Jina langu halikai chini ya hiyo saba."

Tuliposhuka ngazi Brayo alisema jambo ambalo nililijua. "Tukiitoa, mheshimiwa anatutoa. Bila yeye hatuna mtu kwenye meza ile, na shule zinaendelea hivi hivi. Wengine wale kwa barua, si ni afadhali?"

Hakuwa mjinga, na hoja yake nimeisikia tena na tena tangu siku hiyo. Jumatano nzima nilijaribu kuipatia dawa. Barua iwe ndani ya bahasha iliyofungwa. Mwalimu ateue kimyakimya. Watoto wa mchujo waitwe mapema kabla ya kengele. Kila njia niliyoibuni nilimweka ndani yake yule mtoto wa mafuta midomoni, na kila mara alitoka, akaenda nyuma ya vyoo. Jioni nilikifuta kipengele cha saba. Nilikasirika kidogo pia, sitaficha, kwa kuwa ilikuwa sentensi nzuri.

Alhamisi ukumbi ulijaa, wengi wakiwa wamekuja kwa sababu ya ushuru wa masoko. Maalim alikaa mstari wa mbele na kanzu yake, akaandikisha jina lake pamoja nasi. Nilisoma vipengele hadi cha sita, nikaenda cha nane.

Mheshimiwa akavua miwani. "Kijana, mlikuwa na cha saba."

"Tumekiondoa, mheshimiwa."

"Kwa nini? Hicho ndicho nilichowaambia wenzangu."

Nikaiweka karatasi mezani. Nikawaeleza habari ya mafuta na kijiti. Sikuipamba. Nilisema kwamba mtoto yule yuko katika kila darasa la Nairobi, kwamba hatapeleka barua, na kwamba jiko litamhesabu kuwa ameshiba. Nyuma yangu nilisikia mtu akiguna kama anayekumbuka jambo lake mwenyewe.

"Kwa hiyo hata mtoto wangu mimi ale?" akauliza mheshimiwa.

"Ale, mheshimiwa."

Mama mmoja wa sokoni akadakia kutoka nyuma, "Hata baba yake akija, tutampakulia." Watu wakacheka, naye mheshimiwa akacheka kwa kuchelewa kidogo.

Siku hiyo hatukushinda kitu. Mheshimiwa alitupita kwenye korido bila salamu, na Brayo alininunia wiki kadhaa. Tulirudi katika vikao vingine, Maalim akija nasi kila alipoweza, na sera ilipopita hatimaye ilikuwa imekonda: shule chache kwanza, na watoto wa ng'ambo ya barabara, walio upande wa kaunti ya Kiambu, hawamo mpaka leo. Lakini ilipita bila barua. Huwa nasimama uani mwa shule yangu ya zamani saa ya chakula. Wote wamepanga foleni moja, mwenye nacho na asiye nacho, na mimi ninayependa kujua kila kitu siwezi kusema yupi ni yupi.

Sasa ukurasa wenu wa tatu. Mmeandika kwamba mwanafunzi wa chuo cha ufundi atajaza kipato cha wazazi wake kwenye simu, ndipo atumiwe namba ya kuonyesha jikoni. Mmeuandika kwa akili sana, hata usiri mmeufikiria. Najua pia ni nani aliyewaomba mchujo, kwa maana huombwa na kila anayeshika kalamu ya bajeti. Lakini msichana wa miaka ishirini anayesomea kuchomelea vyuma ana fahari kuliko mimi wa darasa la tano. Namba yenu haitamfikia. Atasema amekula.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu. Kabla hujaandika kanuni juu ya njaa, itafute njaa yako mwenyewe, au ya mtu uliyekula naye sahani moja, uiweke ndani ya kanuni uone kama inakaa au inatoroka. Ikitoroka, futa, hata kama sentensi ni tamu na hata kama mwenye kura anaipenda. Waambie wazi kwamba wasiohitaji nao watakula, na gharama yake muitaje wenyewe kabla hawajawatajia. Msione haya kurudi kikao cha pili na cha tatu mkiwa na sauti ileile. Na msinisubiri mimi niwasahihishie koma; barua hii yenyewe nimeifuta na kuiandika upya hadi nikaichukia, na bado naituma.

Mungu awafungulie masikio ya hao mnaokwenda kuwaambia. Awajalie mle mshibe, nyinyi na mnaowasemea. Na kila mkiketi, awape moyo wa kusogea kidogo jamvini, mwingine akae, bila kumuuliza.