Ndovu Waliokosa Alama

Siku ya wazazi nilikwenda shuleni hapa Voi kwa ajili ya mjukuu wangu. Mbele yangu, kwenye foleni ya mwalimu wa Kiingereza, alisimama mama wa kutoka Kasigau na bintiye wa darasa la nne. Watoto walikuwa wametakiwa kutunga sentensi ya Kiingereza inayoonyesha nani amemfanya nani afanye jambo fulani. Binti aliandika kwamba ndovu walimfanya mama yake alale shambani. Sentensi ilikuwa imepigwa X nyekundu.

"Mwalimu, mtoto amekosea Kiingereza ama amekosea ndovu?" mama akauliza.

"Kiingereza kiko sawa, mama. Lakini kitabu kinasema mwalimu alimfanya mwanafunzi afagie darasa."

"Na mimi niliyegonga mabati kuwafukuza mpaka asubuhi?"

"Hiyo haiko kwa kitabu."

Binti akatoa kifutio, akaanza kuifuta sentensi yake. Mama akamshika mkono.

"Wacha, mwanangu. Kama ndovu wangekuwa wanafutika hivyo, ningewafuta mimi."

Nimefundisha watoto wadogo miaka mingi, na si kawaida yangu kumkaripia mwalimu kijana mbele ya wazazi. Siku hiyo nilimkaripia. Mtoto ametuambia kwa Kiingereza safi jambo linalomnyima mama yake usingizi, nasi tunamnyima alama kwa sababu hakunakili ufagio wa kitabuni. Halafu jioni tunakaa kwenye chumba cha walimu, tunaulizana ni nani aliyewafanya watoto hawa wawe wanyamavu.