Dada wa Nani

Begi lilikuwa langu. Nalisema hilo kwanza asije mtu akadhani nilikwenda kwenye nyumba ile kutafuta umbea. Mwenzangu wa kazi aliniomba begi la magurudumu kwa sababu la kwao lilikuwa limekufa zipu, nami nikampelekea asubuhi ya safari, kabla sijaenda kazini. Umbea niliukuta umeshaketi kitandani, umevaa viatu.

Mwenzangu huyu tunapiga pasi naye kwa dobi mmoja, meza yangu na yake zinatazamana. Mtaa mzima unamwita Dada. Jina hilo alipewa na mdogo wake wa kiume. Lilikuwa neno la kwanza mtoto yule kulitamka, akiwa amebebwa mgongoni kwake, maana mama yao alishinda sokoni akiuza vyombo na mgongo uliokuwepo nyumbani ulikuwa huo. Mama akalidaka, majirani wakalidaka, na hata tajiri wetu, mzee mwenye mvi kichwa kizima, humwita Dada. Hakuolewa. Waliokuja kuposa waliambiwa na mama yake wasubiri kwanza mdogo wake amalize masomo. Wakaenda kusubiri kwa wasichana wengine.

Mdogo mtu akasoma, akapata kazi mji wa mbali, akaoa huko huko. Harusini alikwenda mama peke yake, kwa sababu, alisema, wakienda wote nani ataangalia nyumba? Nyumba yenyewe vyumba viwili, na mlango wa nyuma unafungwa kwa waya. Dada akabaki kuangalia waya.

Sasa mdogo mtu alikuwa amemwita mama akakae kwake mwezi mzima, aje na Dada. Wiki ile pale kazini Dada alikuwa mtu mwingine kabisa. Aliimba. Aliunguza kola ya mteja, jambo ambalo sijapata kuliona tangu nimjue, akacheka. Alikuwa na hamu moja tu, na aliniambia waziwazi: alitaka kuingia nyumbani kwa mdogo wake na kumsikia akimwambia mkewe, "Huyu ndiye dada yangu, aliyenilea." Alishajishonea na gauni la siku hiyo, la zambarau, mikono mirefu, na alilipiga pasi mwenyewe mpaka likawa linasimama bila mtu.

Nilipofika nilimkuta amepiga magoti sakafuni, nguo za mama zimemzunguka. Mama alikuwa kitandani, fimbo mapajani, akitoa amri.

"Blauzi nyeupe iko wapi?"

"Nitaiweka juu, mama, isijikunje."

"Umeikunjaje?"

"Kama kazini. Nimetia karatasi kwenye kola."

"Kazini, kazini. Kukunja nguo za watu ndiyo shahada yako."

Mimi nilijifanya nachunguza gurudumu la begi. Dada alitabasamu tu, kama mtu aliyezoea mvua. Alipanga anavyopanga dobi, nzito chini na nyepesi juu, soksi ndani ya viatu, dawa ndani ya taulo. Kisha akachukua shuka la plastiki, akachukua na zile nepi za watu wazima, pakiti kubwa. Mama akagonga sakafu kwa fimbo.

"Hizo usizitie humo."

"Si zako za usiku, mama?"

"Tia kwenye mfuko wako. Wakiziona, sema ni zako."

Nilimtazama Dada nikingoja alipuke. Akasema, "Haya, mama," akazisukumiza kwenye mfuko wake wa kitambaa, ambao ulikuwa mdogo, ikabidi atoe kanga mbili na kandambili ili zienee. Halafu akaenda nyuma ya mlango, akarudi na gauni la zambarau kwenye hanga.

"Na hilo la nini?" akauliza mama.

"La kuvaa siku ya kwanza."

"Chukua yale unayofulia. Lile la kijivu. Unakwenda kuhudumia mgonjwa, huendi kushindana na mke wa mwanangu."

"Wewe si mgonjwa, mama."

"Basi nitaugua."

Nitasema kweli, hapo kicheko kilinitoka. Bibi yule ana ulimi, na angekuwa bibi wa mtu mwingine ningempenda.

Simu ya mama ikalia. Kwa kuwa masikio yake yamechoka, huiweka sauti ya nje, na jirani wa nyumba ya tatu akitaka anaweza kuchangia. Alikuwa mke wa mwanawe. Sauti yake ilikuwa nzuri, ya mtu aliyelelewa akaleleka, na mpaka leo sina ubaya naye.

"Shikamoo, mama! Mmeshafungasha?"

"Marahaba, mwanangu. Tunamalizia."

"Dereva yuko karibu kufika hapo. Mama, nilitaka kusema kuhusu dada. Nimemtayarishia chumba cha uani, kile cha karibu na jiko, kina kitanda na feni. Dada wetu wa hapa ameenda likizo kwao, kwa hiyo hatabanana na mtu. Na mshahara wake wa mwezi huu msihangaike nao, tutamlipa sisi."

Kwenye nyumba zetu dada ni watu wawili: yule mliyezaliwa tumbo moja, na yule anayelipwa kukuoshea vyombo. Kinachowatenganisha ni kaneno kadogo, "yangu". Mdogo mtu, miaka yote ile, alikuwa akimwambia mkewe: mama anakaa na dada, dada atampeleka hospitali, dada atapika. Wala hakusema uongo. Alikuwa akiliacha "yangu" njiani, basi.

Dada alisimama na gauni mkononi, akimtazama mama yake. Nafasi ilikuwepo. Mama angesema tu "huyo ni binti yangu", na mwenye sauti nzuri angeomba radhi mpaka achoke, na safari ingeendelea. Nami nilimtazama mama, nikimsukuma kwa macho.

"Asante, mwanangu," akasema mama. "Lakini usimpe nyingi, utamharibu. Huyu amezoea kidogo."

Simu ikakatwa. Dada alilaza gauni kitandani taratibu.

"Mama, hajui mimi ni nani?"

"Anajua unanitunza. Inatosha."

"Na wewe ulijua kwamba hajui?"

"Tangu harusini. Wale ni watu wakubwa, na mwanangu alishawaambia amezaliwa peke yake. Ulitaka nimwaibishe mbele ya wakwe zake kwa ajili ya mpiga pasi?"

"Na mimi je, mama?"

"Wewe nini? Si unaitwa Dada? Nani kakubadilishia jina?"

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Huyu wa kwake alikuwa ameketi kando ya nguo zenyewe. Nilitamani kubeba begi langu niondoke nalo, wasafiri na mifuko ya plastiki. Dada alikuwa akilinyoosha pindo la lile gauni kwa kiganja, akilinyoosha na kulinyoosha, wakati halikuwa na mkunjo hata mmoja.

Honi ikalia nje, na dereva akapiga hodi. Kijana mpole, funguo kidoleni.

"Nimetumwa kumchukua bibi na dada wa kazi."

"Bibi huyu hapa," akasema Dada. "Dada wa kazi ameacha kazi."

"Ameacha lini?"

"Sasa hivi."

Dereva alinitazama mimi, nami nikatazama dari. Mama akacheka kidogo, kile kicheko cha kumcheka mtoto anayetishia kuhama nyumba.

"Acha utoto. Chukua mfuko wako twende. Nani atanivua viatu usiku?"

"Mwanao wa pekee."

Mama alingoja. Alizoea kwamba akingoja, Dada huja. Alipoona haji, akanyanyuka kwa fimbo, akamshika dereva mkono na kutoka, huku akimweleza kwa sauti kwamba watu ukiwafadhili ndio hivi, asante ya punda ni mateke. Sikujua alimfadhili nini. Tukabaki wawili na begi.

Dada akalifungua tena. Akaenda kwenye mfuko wake, akatoa shuka la plastiki na pakiti ya nepi, akaviweka begini juu kabisa, juu ya ile blauzi nyeupe yenye karatasi kwenye kola. Pakiti aliigeuza, picha na maandishi makubwa vikatazama juu.

"Usifanye hivyo," nikamwambia. "Mke wa mdogo wako ndiye atakayefungua begi."

"Najua."

"Mama yako atafedheheka."

"Nimepanga kama kazini," akasema. "Kinachohitajika kwanza kinakaa juu."

Akavuta zipu. Ilikwama kwenye ile pakiti, akaikandamiza kwa goti mpaka ikafunga. Alilivuta begi mpaka kwenye gari, akalipakia mwenyewe. Mama alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, anatazama mbele.

"Umeweka kila kitu?"

"Kila kitu, mama."

Mama akamwambia dereva apandishe kioo, vumbi linaingia. Hakuaga. Dada alisimama palepale hadi gari likakata kona, kisha akasema likizo ameifuta, akaniuliza kama tajiri atatukata kwa kuchelewa. Tulikwenda kazini kwa miguu.

Jioni, tukikaribia kufunga, simu ya Dada ikalia. Mkono mmoja ulikuwa na pasi, akabonyeza sauti ya nje kwa kidole cha mkono wa pili. Nilimwona anavyovuta pumzi. Alikuwa ameisubiri simu hiyo mchana kutwa, alitaka kusikia mama yake ameumbuka.

"Haloo, dada," ikasema ile sauti nzuri. "Mama amefika salama. Dereva kaniambia umeacha kazi. Sikulaumu, kumlea mzee si mchezo. Ila umesahau vitu vyako kwenye begi la mama. Zile... nepi zako. Mama katueleza yote, hata hilo tatizo lako la usiku, na jinsi anavyokuvumilia miaka yote. Usione haya, dada. Ni maradhi kama maradhi mengine. Nimpe dereva akurudishie?"

Pasi ilibaki hewani. Nilidhani ataiangusha. Hata wakati amekaa katikati ya aibu yake mwenyewe, mama yule alikuwa amepata pa kuiweka: palepale anapoiweka siku zote. Dada aliisimamisha pasi kwenye kibao chake, akaisogelea simu, na aliposema sauti yake haikutetemeka.

"Zikae huko huko, wifi. Kesho asubuhi mtajua ni za nani."

Upande wa pili nilisikia kijiko kikiwekwa mezani, na kwa mbali mwanamume akiuliza ni nani huyo.

"Umeniita nani?" akasema yule binti, polepole.

"Muulize huyo anayeuliza," akasema Dada, akakata simu. Akachukua pasi, akanyunyiza maji kwenye kola ya shati la mtu, akaendelea kunyoosha huku machozi yakidondokea palepale anapopitisha pasi.